Miezi Mitatu Katika Chumba cha Meno

Jumatatu, 4 Juni 1956

Musoma. Nimeanza! Mimi Getruda binti Masatu wa Nyegina, mwanafunzi wa meno. Sista alinipa daftari hili siku naondoka misheni, akasema niandike masomo. Masomo nitayaandika kwenye lile la hospitali. Hili ni langu peke yangu.

Chumba kiko nyuma ya hospitali, karibu na stoo ya mablanketi. Kiti kimoja cha chuma kinachopanda na kushuka. Beseni. Kabati la vioo. Stovu ya Primasi ya kuchemshia vyombo. Na mashine ya kutobolea meno, inakanyagwa kwa mguu kama cherehani. Nimeitazama mashine, mashine nayo imenitazama.

Mwalimu wangu ni Bwana Shomari, dresa wa meno, tabibu asiye daktari, mtu wa Mwisenge hapa mjini. Mfupi, mnadhifu, koti lake jeupe limepigwa pasi mpaka linaweza kusimama lenyewe. Yuko chumba hiki miaka kumi na minne. Asubuhi niliposimama mlangoni aliligeukia koti jingine lililotundikwa ukutani. "Karibu binti, usione haya, ingia." Nikasema, "Shikamoo Bwana, niko huku." Akacheka. Eti alikuwa ananipima adabu. Adabu yangu au ya koti?

Masharti: miezi mitatu ya majaribio. Mwisho wa Agosti daktari wa meno anakuja na meli kutoka Mwanza kunitahini. Nikifaulu nabaki. Nikishindwa narudi Nyegina kupalilia muhogo na kuwafundisha watoto katekisimu. Nadhani Baba anaiombea hiyo ya pili. Alisema: mtoto wa kike atie vidole kwenye vinywa vya wanaume! Nikamwambia na wanawake wana vinywa, Baba. Akasema hilo analijua sana.

Jumanne, 5 Juni

Leo sijagusa jino hata moja. Nimegusa mayai.

Bwana Shomari kapaka chokaa juu ya yai bichi, ikakauka. Kanipa kikwangulio — kijichuma chembamba, ncha imepinda. Toa chokaa yote, yai libaki zima. Yai ni jino, chokaa ni ugaga, ule uchafu mgumu unaoganda kwenye mashina ya meno mpaka mswaki unanyoosha mikono juu.

Nimevunja matano.

"Unashika kama jembe," anasema. "Shika kama kalamu. Kidole cha pete kiegemee mahali pagumu, hiyo ndiyo nguzo. Bila nguzo mkono unaruka. Ukiruka, unamchoma mtu."

La sita limepona. Yale matano manesi wamekaanga. Wananiombea nichelewe kuelewa.

Jumamosi, 9 Juni

Taya la ng'ombe, kutoka buchani. Lina harufu yake, nisiseme zaidi. Bwana Shomari anasema nimheshimu huyu ng'ombe, ndiye mgonjwa pekee ambaye hatalalamika.

Kitu kimoja nimekistaajabu. Akitaka kukagua kazi yangu anafumba macho. Anapitisha ncha kwenye jino pole pole, macho yamefumbwa kama mtu wa sala — hapa bado, hapa bado, hapa tayari. Mimi nakodoa, sioni tofauti. Anasema macho yanadanganyaga. Ugaga mbaya uko chini ya fizi, jicho halifiki huko. Sikiliza kwa vidole, binti.

Nimerudi kwa shangazi, ninakolala hapa Musoma, nikisikiliza kwa vidole. Nimesikia malengelenge tu.

Alhamisi, 21 Juni

Kinywa cha kwanza cha mtu mwenye roho!

Alikuwa Bi Mwanaupe, mke wa Bwana Shomari. Mwanamke mnene, mpole, meno mekundu kwa tambuu. Alijitolea mwenyewe. Kapanda kitini kama bibi harusi, khanga kaikunja mapajani. "Ukiniumiza nakuuma," akanionya. Nikacheka. Nilidhani ni utani.

Kioo mkono wa kushoto, kikwangulio mkono wa kulia. Usipumulie kioo. Nimekipumulia. Nimekifuta kwa koti. Bwana Shomari akasema koti sio kitambaa. Nikaanza tena. Meno ya mbele ya chini, upande wa ulimi, ndiko ugaga unapendaga kujenga. Nikavuta — kipande kikaruka kama kokoto! Furaha ikanipanda, nikasahau nguzo, ncha ikaingia kwenye fizi.

Bi Mwanaupe akauma. Kidole cha kati. Alama nne juu, tatu chini.

Bwana Shomari alicheka mpaka akataka kuketi, na akaketi — lakini sio kwenye stuli. Kando ya stuli. Kidogo aende chini, ameshika beseni. Mimi nikacheka naye, kidole kinavuja damu. Bi Mwanaupe hakucheka. Alimtazama mumewe muda mrefu. Halafu akanigeukia, akafungua kinywa tena.

"Malizia, mwanangu. Meno yangu umeshayaonja."

Jumatano, 4 Julai

Vinywa ishirini na tatu mpaka leo. Nimeumwa mara mbili, nimetemewa mara moja, nimeombewa dua mara moja. Mzee wa sokoni, kila nikigusa jino anasema "Ewe Mola." Mwisho hata mimi nikaanza kusema.

Nafundisha mswaki pia. Mti mbichi, tafuna ncha mpaka iwe brashi, kutoka kwenye fizi kwenda kwenye jino, sio kama unasugua sufuria. Wanawake wananisikiliza. Wanaume wananiuliza nimeolewa.

Mniko, dereva wa lori letu, ni Mkurya mrefu kama nguzo ya simu. Anabeba gunia mbili mara moja. Lakini hapitagi mbele ya mlango wetu, anazunguka kwa nyuma ya jiko. Nilimwambia kiti hakiumi. Akasema anakijua sana, alishasikia sauti zinazotoka humo.

Bwana Shomari sasa ananipa kadi zote za wagonjwa nimsomee. Eti nahitaji mazoezi ya kusoma. Mimi! Nina darasa la nane!

Alhamisi, 19 Julai

Bunda. Safari yangu ya kwanza ya kazi na leo sina mzaha mwingi.

Tulifika saa tatu, tukaweka meza mtaa wa Manyamanyama karibu na soko. Foleni ikajaa mara moja. Bwana Shomari anang'oa, mimi nasafisha. Saa sita akamtazama kinywa msichana wa rika langu, jina lake Kijakazi, baba yake fundi cherehani, akamleta kwangu. Anasema na mtu khanga iko mdomoni. Harusi yake ni mwezi ujao. Nikamwambia afungue. Meno yote ya mbele yana kahawia, mabaka mabaka kama chai iliyomwagika.

Nikamwambia — naandika ili nisisahau — nikamwambia, "Dada, leo utarudi nyumbani na meno meupe." Alicheka, khanga ikashuka. Ana cheko zuri sana.

Nikakwangua. Haitoki. Nikazidisha nguvu. Haitoki. Nusu saa! Jasho langu linadondoka, machozi yake yanashuka, hakusema kitu maana alikuwa anataka yale meupe niliyomuahidi. Bwana Shomari akasikia ile sauti ya chuma, akaja. Akachukua kikwangulio, akafumba macho, akapitisha ncha.

"Laini kama sahani. Unakwangua nini hapa?"

"Hii kahawia, Bwana."

"Kahawia?" akasema, kama mtu aliyeambiwa habari. Halafu akamuuliza Kijakazi amekulia wapi, alikuwa anakunywa maji gani utotoni. Kisima cha kwa bibi yake, chini ya kilima. Na ndugu zake? Wote hivyo hivyo. Wote waliokulia pale.

Akanivuta pembeni. Sio uchafu. Ni maji ya kisima, yanaingia ndani ya jino wakati bado liko kwenye fizi, kabla halijaota. Jino lenyewe zima, gumu. Hakuna chuma kitakachotoa rangi hiyo, hata daktari wa Ulaya hana. "Nenda kamwambie."

Nikamuomba aseme yeye. Akakataa. "Aliyeahidi ni wewe."

Nikamwambia. Kijakazi hakulia kwa sauti. Alirudisha tu khanga mdomoni. Halafu akauliza, "Sasa mbona hapa kunauma?" Nikatazama — fizi yake imechanika, na mimi ndiye niliyeichana. Nikamsukutulisha maji ya chumvi. Akasema ahsante! Heri angeniuma.

Kwenye lori Bwana Shomari hakunitania. Nikamuuliza, mbona yeye alimpokea, akamtazama kinywa, akamleta kwangu bila kusema habari ya rangi? Akasema alikuwa anatazama fizi.

Jumamosi, 21 Julai

Siku mbili sijamuahidi mtu kitu chochote. Bwana Shomari anasema hata "karibu" sasa naisema kwa woga.

Kaniambia habari ya mtu wa kwanza aliyemng'oa mwaka wa arobaini na mbili. Aling'oa, akashangilia, akamuonyesha mgonjwa. Mgonjwa akasema sawa, zuri, lakini la kuuma bado lipo.

Nimecheka. Alikuwa anataka nicheke.

Alhamisi, 16 Agosti

Jana nilikuwa Nyegina, Misa ya Bikira Maria kupalizwa. Baba amenipa sato mkavu na akanifungulia kinywa! Nimtazame gego lake. Hakusema kwa nini. Nikatazama, nikamwambia ni zima. Akasema alikuwa anajua.

Sasa ya leo. Niandike yote.

Tulikwenda Butiama. Wingu tangu asubuhi. Tukakaa kwenye baraza ya duka, mahali pa giza kidogo. Mgonjwa wa nne ni Bibi Nyangi, mzee sana, ameletwa na mjukuu wake Wankyo. Meno ya mbele yamechongwa kizamani, ncha ncha, mazuri, safi kuliko ya manesi wetu. Kizanaki chake nakielewa nusu, nusu Wankyo ananifasiria. Aliniuliza mimi mwenyewe nimeota meno lini. Alipoona vyombo kwenye sufuria ya Primasi akauliza kama tunapika supu ya vyuma. Akasema yeye alichongwa meno akiwa msichana, kwa patasi, bila sindano, na hakukohoa. "Ninyi wa siku hizi mnalia kabla ya kuguswa."

Nikamsafisha. Kazi nzuri, nakiri mwenyewe. Nyuma, chini, kushoto, kulikuwa na gego bovu, limetoboka upande wa ulimi, usaha. La kung'oa. Nikamsomea Bwana Shomari, la mwisho chini kushoto. Akachoma sindano ya ganzi. Tukangoja. Akachukua koleo, akainama.

Damu ilikuwa imeanza, na mate, na lile giza. Mimi nimeshika kioo. Nikaona koleo inashika jino. Sio lile. La mbele yake. Jino zima kabisa, moja katika magego matano aliyobaki nayo bibi wa watu! Na kwa ganzi ile Bibi asingejua mpaka jioni.

Nikadhani ataligundua. Akabana. Nikaona bega lake linajikaza.

Nikamshika mkono. Mimi! Nimemshika mwalimu wangu mkono mbele ya watu.

"Bwana. La nyuma yake."

Akasimama hivyo hivyo. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Nionyeshe." Nikaweka kidole changu juu ya jino bovu. Akateleza na koleo kwenye kidole changu mpaka akalifikia, akapapasa kwa kidole chake, akatikisa kichwa ndiyo, akang'oa. Likatoka na shimo lake.

Bibi Nyangi alikuwa anatutazama, mara yeye mara mimi. Akataka jino lake, akalifunga kwenye pindo la nguo. Halafu akasema neno, Wankyo akacheka.

"Anasema nyinyi wawili ni fundi mmoja."

Njia nzima Mniko anaimba, hajui kitu. Tulipokaribia Musoma Bwana Shomari akaniuliza pole pole nimejua tangu lini. Nikasema leo. Na wakati nasema leo, nikaona yote — lile koti ukutani, ile stuli, zile kadi, Kijakazi. Siku zote nilikuwa nacheka.

Yeye anajua tangu Ramadhani ya mwaka juzi. Jicho la kulia ni ukungu mtupu. La kushoto linamtosha kukiwa na jua. "Kukiwa na jua, binti." Akaniomba nisimwambie mtu.

Ijumaa, 17 Agosti

Ametoka msikitini, amevaa koti, ananiambia lete maji. Kama vile jana haikuwepo.

Nilikuwa nimeipanga hotuba tangu alfajiri. Ikanipotea yote. Nikasema tu, "Bwana, sitakwenda kusema kwa mtu. Lakini nikiulizwa, sitasema uongo. Na koleo naomba usiishike tena."

Akachukua taulo, akajifuta mikono. Nikafikiri amekubali.

"Mwanafunzi wa wiki kumi na moja! Aliyechana fizi za watoto wa watu! Ananikataza koleo!" Akatupa taulo. Ikaanguka kwenye Primasi. Ikashika moto, ikadondoka chini. Tukaukanyaga wote wawili bila kutazamana.

Akasema nitoke nikachemshe vyombo nje.

Nimechemsha. Dakika ishirini. Nikaongeza ishirini nyingine.

Jumapili, 19 Agosti

Nimerudi kutoka Misa, Bi Mwanaupe amekaa na shangazi uani, wanachambua dagaa. Shangazi akajifanya anakwenda kisimani.

Bi Mwanaupe anajua habari ya macho. Amejua kabla ya mwenyewe. "Wiki iliyopita mbuzi wa jirani kaingia uani, nikamsikia anasema, karibu shemeji, mbona kimya?" Tukacheka mpaka tukashikana. Halafu nikaona mwenzangu hacheki tena.

Anasema ni mtoto wa jicho, ukungu unaofunika mboni. Mama yake Shomari alikuwa nao. Kuna daktari Mwanza anaukata, watu wamerudi wanaona. Yeye mkewe amemwambia mwaka mzima. Hataki. Anaogopa chuma kwenye jicho. "Miaka kumi na minne anawaambia watu haiumi, ni dakika moja, kaa utulie. Ya kwake imemshinda."

Nikamuuliza amekasirika mimi kumkataza koleo?

Akaendelea kuchambua. "Alirudi nyumbani juzi akasema una ulimi wa upanga. Kisha akasema mkono wako umetulia. Hilo la pili hakutaka nilisikie."

Nikasema mimi namuonea huruma. Akaniambia huruma nimuachie yeye, kazi ya mke hiyo. Mimi nimwangalie yule anayekaa kitini.

Jumatatu, 27 Agosti

Siku kumi bila utani hata mmoja. Nimekosea makusudi leo, nikafuta kioo kwa koti mbele yake. Hakusema kitu!

Lakini koleo hajaishika. Wa kung'oa anawapeleka kwa daktari msaidizi wa hospitali, anasema kifundo cha mkono kimeteguka. Amekifunga na bandeji kabisa. Amefunga mkono wa kushoto. Anang'oaga kwa mkono wa kulia.

Na ananifundisha kama mtu anayefukuzwa. Asubuhi hadi saa kumi. Fumba macho, tafuta. Hapana. Rudi. Hapana. Rudi. Jioni leo, kwenye jino la karani wa boma, nimesikia. Kweli nimesikia! Kakipele kadogo chini ya fizi, kama punje ya mchanga chini ya mkeka. Nikapiga kelele, "Hapa!" Karani akaruka. Bwana Shomari akapapasa, akasema, "Hapo."

Neno moja tu. Nimelibeba mpaka nyumbani.

Daktari wa meno anafika Alhamisi.

Alhamisi, 30 Agosti

Imekwisha. Sijui kama nicheke.

Daktari wa Mwanza ni Mzungu mwembamba, miwani, Kiswahili chake kinatembea kwa magongo lakini kinafika. Alifika saa mbili. Akauliza mgonjwa wa mtihani yuko wapi. Mgonjwa tuliyempanga alikuwa ametoroka! Daktari akatazama huku na huku, akamuona Mniko anashusha sanduku lake. "Wewe. Kaa."

Mniko alinitazama kama ng'ombe anayepelekwa mnadani. Akakaa. Miguu ikapita kiti, ikafika mlangoni. Nikamnong'oneza kwamba kama kitu kitauma nitamwambia kabla. Akafumba macho. Nikaanza.

Dakika arobaini. Ugaga wa miaka thelathini, unatoka vipande vipande. Sikumchoma. Sikupumulia kioo. Bwana Shomari amesimama dirishani, nyuma yangu, na daktari amesimama na saa. Nilipomaliza, daktari akainama na kioo chake na taa yake, akatazama juu, akatazama chini. "Vizuri. Vizuri sana. Safi yote." Moyo wangu!

Halafu akamwambia Bwana Shomari naye akague, kwa heshima ya mwalimu.

Akaja. Akapapasa kiti, akapapasa shavu la Mniko, akaingiza ncha. Alifumba macho. Akaenda jino kwa jino. Primasi inavuma. Mwisho akasimama.

"Gego la mwisho juu, kulia, upande wa shavu. Bado."

Daktari akasema hapana, amelitazama. Akatazama tena na taa. Akachukua ncha mwenyewe, akagusa. Akageuka, masikio yamekuwa mekundu. "Kweli! Bado ipo. Shomari, una macho makali kama tai!"

Yangeishia hapo. Hakuna aliyemuuliza kitu. Mimi sikuulizwa kitu! Amesifiwa macho yake na daktari mkuu, mbele ya mwanafunzi, angesema ahsante tu tukaenda kunywa chai. Mimi nimeshika taya la Mniko, nasali nisiulizwe.

Bwana Shomari akafungua bandeji ya mkono, akaikunja vizuri, akaiweka mezani.

"Bwana Daktari," akasema, "macho sina. Hiyo nimeipata kwa kidole. Kukiwa na wingu nakuona wewe kama nguo iliyoanikwa. Tarehe kumi na sita nilitaka kung'oa jino zima la mtu Butiama. Binti huyu alinishika mkono."

Kisha Mniko, kinywa wazi, akasema kitu. Tulidhani anaumwa. Alikuwa anauliza kama anaweza kwenda.

Nikamwambia bado. Nikatoa ule ugaga wa mwisho. Mkono ulikuwa unanitii, sijui kwa nini.

Jumamosi, 1 Septemba

Nimefaulu. Daktari ameandika. Nabaki. Sitang'oa, sitachoma sindano, nitasafisha na kufundisha watu, na wa kung'oa nimpelekee daktari msaidizi mpaka aletwe mtu mwingine.

Ndiyo, "mtu mwingine." Daktari alimtia Bwana Shomari taa machoni, akasema anamchukua Mwanza kwa meli ya kesho, kwa mwenzake wa macho. Huenda akaona vizuri. Huenda akaona kidogo. Akiona vizuri arudi kazini, akiona kidogo itategemea. Hakusema itategemea nini.

Jioni nilipita kwao Mwisenge kuaga. Bi Mwanaupe anapanga sanduku, anaimba, kisha anasahau wimbo. Bwana Shomari amekaa barazani bila koti. Sijawahi kumuona bila koti. Mdogo sana.

Akaniita nikae. Akauliza kama Sista wa misheni aliwahi kumuona mtu aliyekatwa mtoto wa jicho. Nikasema sijui. Akauliza, je, nadhani inauma?

Ilinifika kwenye ulimi. Haiumi, Bwana, ni dakika moja, kaa utulie.

"Sijui, Bwana," nikasema. "Sijui kabisa."

Akatikisa kichwa. Akasema mwanafunzi mwema angedanganya kidogo.

Ametania! Nimefika kwa shangazi nikiwa nalia na kucheka, shangazi akadhani nimeposwa.

Jumatatu, 3 Septemba

Saa mbili na robo. Naandika nikiwa chumbani, juu ya kadi, maana vyombo vimo kwenye Primasi na havitaki kuangaliwa.

Meli iliondoka jana. Nimefungua mlango mwenyewe leo, na ufunguo mwenyewe. Kwenye benchi watu kumi na mmoja. Wa kwanza Bwana Hamduni, mfanyabiashara wa ngozi, mtu mkubwa, kilemba kimefungwa mpaka kidevuni. Nikamwambia karibu. Akachungulia nyuma yangu.

"Bwana Shomari yuko wapi?"

Mwanza.

"Nitamsubiri."

Nikamwambia huenda ni mwezi mzima. Akasema atasubiri mwezi. Wa pili akasema na yeye atasubiri. Wa tatu, wa nne, wote, kama litania. Wamekaa pale wamejipanga, wanaumwa, wananitazama kama mimi ndiye jino lenyewe. Nikaingia ndani. Nikapanga pamba. Nikapanga tena pamba.

Kisha mama mmoja akainuka kutoka mwisho wa benchi, jembe mkononi, simjui. Akasema yeye shamba halimsubiri. Akaegemeza jembe mlangoni, akapita mbele ya Bwana Hamduni, akapanda kitini mwenyewe, akaegemea, akafungua kinywa. Naona kilemba cha Bwana Hamduni dirishani, kinasogea kidogo kidogo.

Dakika mbili bado. Nimemwambia, mama, funga kwanza upumzike, vyombo havijawa tayari.

Ametikisa kichwa hapana. Akasema, kinywa hivyo hivyo wazi, kwamba akikifunga hatakifungua tena.

Basi nanawa mikono.